Dada anapigwa na mumewe, na sasa mtoto wao wa miaka 15 anatembea na kisu. Msaada unapatikana wapi?

mamamdogo82
Wadau habari zenu, naomba mnivumilie maana ni ndefu. Dada yangu anapigwa na mumewe, ni miaka sasa, anasamehe, mume anatulia kidogo, analeta zawadi, alafu yanaanza upya. Ila kilichonifanya niandike leo ni mtoto wao wa kiume, ana miaka 15. Zamani kelele zikianza alikua anamchukua mdogo wake wanajifungia chumbani, sasa hivi anatoka anasimama katikati ya baba na mama. Juzijuzi kapigana shule kamng'oa mwenzake jino, shule wanataka kumfukuza, na mdogo wake kaninong'oneza kwamba kwenye begi anabeba kisu. Nilipomuuliza taratibu akasema "siku akimgusa tena mama sitakaa kimya". Toka hapo silali vizuri.

Dada alishawahi kwenda kushtaki kituo fulani akaambiwa hayo ni ya chumbani warudi wakayamalize, basi ndo ikawa mwisho, hataki kusikia tena. Upande wa shemeji wao wanasema mwenye matatizo ni kijana, apelekwe bweni akanyooshwe. Mimi sioni hivyo kabisa, huyo mtoto hakuzaliwa na ngumi.

Naomba kujua, mtu ambaye hana hela ya wakili wala ya mwanasaikolojia anapata wapi msaada wa kweli? Na nianze na nani, dada au kijana? Sitaki tusubiri mtu afe ndo wote tuanze kukimbia.

nesi_wa_usiku
Pole sana mama mdogo, na asante kwa kuandika mapema. Mimi niko upande wa hospitali, kitengo cha dharura, kwa hiyo naanza na ninachokijua. Muulize dada yako swali moja mkiwa wawili tu, mume hayupo na watoto hawasikii: amewahi kumkaba shingo? Watu wanachukulia kukabwa ni kitu kidogo kuliko ngumi kwa sababu mara nyingi hakuachi alama yoyote. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake hatari ya kuja kuuawa na huyo mwenza inapanda zaidi ya mara 7. Kwa hiyo jibu likiwa ndio, habari ya kuvumiliana imeisha hapo. Vitu vingine vya kuogopa ni kama anatishia kumuua au kujiua, kama ana silaha, kama kipigo kinazidi kila safari, kama alimpiga akiwa mjamzito, kama anamfuatilia kila anakoenda na kila anayempigia simu.

Na akikabwa aje hospitali siku hiyo hiyo hata kama anajiona mzima. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kichwa kuuma, kupoteza fahamu hata kwa sekunde, hivyo vyote ni dalili mbaya, mishipa ya shingo ikiumia kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadae.

Kitu wengi hawakijui, hospitali yenyewe ni mlango wa kupata msaada, sio plasta na panadol tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mhudumu amsikilize mama faragha, asimlaumu, asimlazimishe kushtaki, alafu amuunganishe na huduma zingine. Aombe majeraha yaandikwe kwenye faili, yako wapi, ukubwa gani, na nani kayasababisha kwa maneno yake mwenyewe. Leo anaweza asitake kesi kabisa, ila mwakani akitaka hiyo karatasi itakuwepo. Na kama kuna kulazimishwa kwenye tendo la ndoa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5, kadri anavyowahi ndo zinavyofanya kazi vizuri.

mzee_wa_busara
Binti yangu pole. Ushauri wangu, iteni wazee wa pande zote mbili, muwaweke chini mume, mke na huyo kijana, kila mmoja aseme yaliyo moyoni, mume aombe radhi mbele ya watu. Ndoa nyingi zimepona hivyo. Polisi wakishaingia nyumba inavunjika.

ustawi_jamii_tu
Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu na nia yako naiona ni njema, lakini hapa naomba nipingane na wewe, kazi yangu ni ustawi wa jamii na vikao vya namna hiyo nimekaa vingi. Mwanamke anayepigwa hawezi kusema ukweli mume akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Akiusema, atalipia usiku wageni wakishaondoka. Akiuficha, kikao kinaandika kwamba wote wana makosa na mume anatoka amepewa nguvu. Na kijana mwenye kisu kwenye begi umuweke mbele ya baba yake wajibizane? Hapana kwa kweli. Wazee wana nafasi kubwa ila kwa namna nyingine, wamuite mume peke yake wamwambie kupiga kunakoma na wao wanafuatilia, na mmoja wao awe na mlango ambao dada na watoto wanaweza kugonga saa yoyote bila kuulizwa maswali.

Mama mdogo, anza na dada. Kisu cha kijana kinatokana na hofu ya mama yake, hofu ikipungua na kisu utaweza kukizungumzia. Ila usimwambie "ondoka leo". Kuondoka ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, wengi wanauawa wakiwa wanaondoka au muda mfupi baada ya kuondoka, kwa sababu mwanaume anaona mamlaka yanamponyoka. Inabidi kuwe na mpango kwanza. Mkae mpange: vyeti vya watoto, kitambulisho, dawa anazotumia, nakala ya funguo na hela kidogo viwekwe kwako au kwa jirani anayeaminika. Muwe na neno ambalo akikutumia kwenye meseji, hata liwe la kawaida kama "nitumie ile namba ya fundi", wewe unajua maana yake ni njoo au piga simu polisi. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni wala bafuni, akae upande wenye mlango wa kutokea. Na simu yake kama mume anaipekua hayo mazungumzo yote yafanyike kwenye simu yako.

Kuhusu hela. Namba za simu za watoto ni bure, nchi nyingi za Afrika ni 116, Ulaya nchi nyingi ni 116111. Usifikiri ni kwa watoto tu kupiga, hata wewe mama mdogo unapiga. Sio lazima uanze na jina lako. Anayepokea atakuuliza mtoto yuko salama sasa hivi? ana umri gani? nyumbani anaishi na nani? Wewe muulize wazi, kwa huku nilipo kuna huduma gani, nyumba salama ya akina mama na watoto iko karibu? mtanipa jina la mtu au mtanipa namba tu? Jina la mtu ni bora mara kumi. Ila ujue wakiona mtoto yuko kwenye hatari kubwa wanaweza kulazimika kutoa taarifa kwa mamlaka, kwa hiyo waulize mwanzo kabisa utaratibu wao ukoje.

Wakili wa bure yupo pia, tafuta vyama vya wanasheria wanawake, vituo vya msaada wa kisheria, na vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria vingi vina kliniki ya sheria. Waulize kuhusu amri ya ulinzi, yaani mahakama inamkataza mume kumsogelea, nchi nyingi inaombwa bila kwanza kufungua kesi ya jinai. Na kile kituo kilichomrudisha kisimkatishe tamaa. Aulizie polisi kama kuna dawati la jinsia na watoto, safari hii aende na mtu, aseme wazi "nina watoto wako hatarini", aombe namba ya jalada na jina la aliyempokea. Mtu akishaandikwa sio rahisi kumpuuza.

kocha_wa_mtaa
Mimi naongelea kijana tu maana hao ndo ninaokaa nao kila jioni. Bweni la kunyooshwa hapana aisee, mtoto aliyejifunza kwamba mwenye nguvu ndo anapiga ukimpeleka sehemu apigwe zaidi unamthibitishia somo lile lile, tena utakua umemtenga na mama yake ambaye ndo anamuwazia, atatoroka.

Vijana wengi wa hivi hawapigani kwa sababu ni wabaya, wanapigana kwa sababu mwili umezoea kuwa tayari muda wote, mtu akimkanyaga kiatu kwa bahati mbaya yeye anaona ni vita. Kuna programu ya vijana wa kiume ilianzia Chicago inaitwa Becoming a Man, wana zoezi moja napenda sana na hata timu yangu tunalifanya. Mnakaa wawili wawili, mmoja anapewa kampira kadogo anakashika kwenye ngumi, mwenzake anaambiwa una sekunde 30 ukatoe. Utaona wanavyovutana, wanakunjana vidole, wanaangushana chini. Alafu unawauliza, nani alimuomba mwenzake kwa maneno? Kimya. Unamuuliza aliyeshika, angekuomba ungempa? Anakwambia ningempa, ni kampira tu. Hapo ndo mazungumzo yanapoanzia, huwahubirii chochote. Matokeo yao yalichapishwa 2017, kipindi vijana wako kwenye programu kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulishuka kwa 45 hadi 50%. Liberia nako Monrovia walifanya kitu kinafanana na vijana wakubwa waliokua wanaishi kwa uhalifu, wiki 8 za mazungumzo na mazoezi pamoja na dola 200, walivyorudi miaka 10 baadae waliopata vyote viwili uhalifu wao ulikua umepungua karibu nusu. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie huyu ameshaharibika.

Mwambie hivi, "najua unamlinda mama, na hiyo sio kazi ya mtoto, mimi nakuja kuichukua". Kisu muombe akuachie wewe, mweleze bila kumtisha kwamba kwenye vurugu kisu kinanyang'anywa na kinarudi kwake au kwa mama. Ila usimnyang'anye kazi ukamuacha mikono mitupu, mpe nyingine, ugomvi ukianza yeye anatoka na mdogo wake anapiga simu kwako. Alafu mtafutie mtu mzima mmoja tu ambaye atamuona kila wiki, mwalimu, kocha, kiongozi wa dini, yeyote asiyekata tamaa haraka. Shule nendeni na dada kabla hawajaamua, mwambieni mwalimu wa ushauri kinachoendelea nyumbani kwa kiasi dada anachoridhia, na ombeni adhabu ambayo haimtoi darasani, maana akikaa nyumbani mchana kutwa na huyo baba mnajua itakuaje.

Na yule mdogo msimsahau!! Watoto wanaokaa kimya ndo hawapewi msaada.

mamamdogo82
Jamani nimesoma yote na machozi. Nimemuuliza dada lile swali la nesi. Alinyamaza muda mrefu alafu akasema ndio, na mara ya mwisho alizimia. Kakubali twende hospitali kesho mume akiwa kazini, kijana bado sijaongea nae. Swali langu lingine, shemeji mwenyewe anaweza kubadilika kweli? Dada bado anampenda na kila siku ananiambia ni pombe tu.

baraka_m
Pombe inaongeza ukali ila sio chanzo dada yangu. Muulize, akilewa anampiga bosi wake? anapiga polisi? Anachagua wa kumpiga, kwa hiyo anaweza pia kuchagua kuacha. Na wapo wanaoacha, mimi nafanya kazi na makundi ya wanaume na nawaona. Uganda, Raising Voices walianzisha programu inaitwa SASA!, watu wa kawaida wa mtaa, mafundi, akina mama, viongozi wa dini, wanafundishwa kuongea na majirani zao kuhusu matumizi ya mamlaka ndani ya nyumba, utafiti wa Kampala uliotoka 2014 ulikuta mitaa yenye programu ukatili wa kupiga wenza ulikua chini kwa 52% kuliko mitaa isiyo nayo. Kwa hiyo inawezekana, ila haiji kwa zawadi na machozi. Anayebadilika utamjua, anasema alichofanya bila "lakini na yeye", anakubali dada akae mbali kadri anavyotaka, anahudhuria kundi hata kama dada hajaahidi kurudi, na hamtumi mtoto kuleta salamu. Akisema nibadilike ila kwanza arudi nyumbani, huyo bado. Dada asisubiri huko ndani aone kama atabadilika, asubiri akiwa salama.

nesi_wa_usiku
Mama mdogo umefanya vizuri sana, na kwa kuzimia huko msiahirishe hiyo safari ya kesho. Mkifika mapokezi msielezee pale dirishani watu wakisikia, semeni tu mnaomba kumuona nesi faragha, ni jambo la dharura. Ndani mkianza kuongea dada aanze na "nilikabwa shingo nikazimia", hayo maneno matatu yanabadilisha vipimo atakavyofanyiwa. Ingia nae kama anataka, asipotaka kaa mlangoni. Karatasi ya daktari msirudi nayo nyumbani kwake, ibaki kwako. Na muulizeni huyo daktari kama wana afisa ustawi pale pale hospitalini, wengi wanae ila bila kuulizwa hawamtaji, akiwepo muonaneni nae kabla hamjatoka getini.