Mjadala: Mama mwenye mtoto baharini, boti ikae umbali gani?

Mwanzisha mada, Mkomani

Waungwana, kusi limeshika. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu ya Kenya, wametoka kwenye barafu za kusini kuja kuzaa na kunyonyesha. Pomboo wa Kisite na Wasini ndio wenyeji, wapo mwaka mzima. Hoja ninayoitia uwanjani: boti ya watalii ikiona mama na mtoto, isimame mita 300 kwa nyangumi na mita 150 kwa pomboo, isisogee tena. Miongozo ya Australia inataka hivyo hivyo.

Sababu yangu ni homoni. Mama akishtuka, ubongo huziamuru tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo (tezi hizi si ile ya chombo, ya tezi na omo) kumwaga kotisoli, homoni ya mshtuko, kwenye damu. Akiwa na mimba, kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli hiyo isimfikie mtoto. Bughudha ikiwa ya kila siku, kinga hiyo huzidiwa. Mtoto huzaliwa mdogo, na maisha yake yote hushtuka upesi kuliko wenziwe.

Nahodha, Shimoni

Dada yangu, hayo ya kondo yametoka kwa panya na kondoo wa maabara. Pomboo hajafungiwa chumbani, akichoka na mimi anazama na kwenda zake. Mara nyingi ni yeye anayekuja kucheza mbele ya omo. Mita 150 wakati wa kusi, mawimbi yamesimama, mgeni haoni hata pezi. Na mbona meli za makontena zinazoingia Kilindini hamzitaji? Injini yangu ya farasi 40 ndiyo iwe mkosaji?

Daktari wa wanyama, Nyali

Nahodha kasema nusu ya kweli, na mwanzisha mada nusu nyingine.

Kotisoli si sumu. Siku za mwisho za mimba mtoto anaihitaji ili mapafu yakomae. Ndiyo maana mja mzito anayeelekea kujifungua kabla ya wakati hudungwa deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Dawa hiyo ni jamaa ya kotisoli, na hupita kwenye kondo kwa kuwa kimeng'enya kile hakiimudu. Mtoto wa pomboo huzaliwa ndani ya maji, pumzi ya kwanza lazima apande juu kuifuata, kwa hiyo mapafu mabichi ni kifo. Ukimkuta mama wa mimba pevu kotisoli iko juu, usikimbilie kusema kaonewa na boti. Nyangumi naye akiwa huku kwetu karibu hali kitu. Anaishi kwa shahamu aliyoiweka chini ya ngozi, na kotisoli ni mojawapo ya funguo za ghala hiyo.

Sasa upimaji, ambapo wengi huteleza. Damu haifai kwa sababu kumkamata mnyama tu kunapandisha homoni ndani ya dakika chache. Kinyesi kinafaa, maana kinaeleza hali ya siku moja hivi iliyopita. Ndicho kilichotumika Ghuba ya Fundy, Kanada. Baada ya Septemba 11, 2001 meli zilipungua, kelele chini ya maji ikashuka desibeli 6, yaani nguvu ya mgandamizo wa sauti ilikatika nusu, na masalia ya homoni kwenye kinyesi cha nyangumi wa pale yakashuka pia. Kwa hiyo ndiyo, Nahodha, meli nazo zimo.

Lakini nyangumi wetu hali, basi hanyi. Na kinyesi cha pomboo hutawanyika kabla wavu haujakifikia. Inabaki shahamu: mshale mwepesi wenye ncha ya bomba huchomoa kipande kidogo kama kifutio cha penseli. Ukitoka na ngozi tupu umepoteza mshale. Shahamu hukusanya homoni polepole, hivyo mshtuko wa mshale wenyewe hauharibu jibu, ila pia haikuambii ni boti gani wala siku gani. Wengine hurusha droni kudaka pumzi. Matone yale huchanganyika na maji ya bahari, lazima upime na kitu kingine, kama yurea, ujue yamezimuliwa kiasi gani.

Halafu kuna njaa. Nyangumi wauaji wa jamii inayokaa upande wa kusini wa kisiwa cha Vancouver, Kanada, walichunguzwa kati ya 2008 na 2014, na hadi asilimia 69 ya mimba zilizogunduliwa hazikufika. Homoni mbili zilisomwa kwa pamoja. Kotisoli na jamaa zake hupanda kwa njaa na kwa bughudha, lakini ile ya thairoidi, tezi ya shingoni, hushuka kwa njaa. Mizani ikaelemea kwenye uhaba wa samaki aina ya samoni kuliko kwenye boti.

Mwanzisha mada, hoja yako naiunga mkono, ila nguzo uliyoisimamishia ni dhaifu. Mimi ningeisimamisha juu ya kunyonya. Mtoto wa pomboo hana midomo ya kubana chuchu, hukunja ulimi akasogea chini ya mkia wa mama na kupokea maziwa kwa sekunde chache tu, mama akiwa anateleza bila kupiga mkia kwa nguvu. Boti ikikaza mwendo, mama huongeza kasi au hukaa chini muda mrefu. Mtoto ana pumzi fupi, huibuka peke yake, na zamu ile ya kunyonya imekwenda. Hayo yanaonekana kwa macho, bila mshale. Shark Bay, Australia, waendeshaji wa utalii walipotoka mmoja wakawa wawili, pomboo wa eneo lile walipungua takriban mmoja kati ya saba.

Fundi mitambo, Likoni

Kuhusu farasi 40: kelele mbaya huanzia kwenye rafadha. Ikizunguka kasi hutoa viputo, na vikipasuka ndipo bahari inachafuka kwa sauti. Jani lililogonga mwamba likapata pengo dogo huanza viputo hata kwa mwendo wa taratibu. Litoeni, mlinyooshe na kulipiga tupa, msingoje boti ianze kutetemeka. Na acheni kuzima na kuwasha mkiwa karibu nao. Toa gia, injini ingurume bila kusukuma. Kila ukitia na kutoa gia, ule mgongano wa chuma unasikika mbali chini ya maji.

Nahodha, Shimoni

La rafadha nimelipokea. La mita 150 nalikubali kwa mtoto mchanga, ambaye hata kijana wa omo anamjua. Ubavuni ana mistari myeupe iliyosimama, alama za kukunjwa tumboni, na akipumua hutoa kidevu chote nje, anaruka kama boya. Aliyekwisha kupoteza mistari, mita 50 zatosha, kwa ubavu, bila kukata kati yake na mamake. Boti moja kwa wakati, nyingine zingoje kwa redio.

Mwanzisha mada, Mkomani

Na mwenye mimba je? Pomboo huibeba takriban mwaka mzima na kutoka botini huwezi kuiona. Umbali wa mistari unamlinda aliyezaliwa, yule aliye tumboni hana wa kumhesabu. Ndiyo maana sitaki kuiacha homoni.

Daktari wa wanyama, Nyali

Hapo umenibana. Kwa asiyeonekana, dawa ni muda badala ya umbali: saa ambazo kundi zima halifuatwi na mtu.

Nahodha, Shimoni

Adhuhuri wageni wote wako Wasini wanavunja kaa. Boti zimefungwa.

Daktari wa wanyama, Nyali

Adhuhuri walikwisha pumzika bila kuombwa, bwana. Msongamano ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Nataka asubuhi moja kwa wiki isiwe na boti, siku ile ile kila wiki, na mtu mmoja akae na darubini juu ya chombo kilichotia nanga mbali, ahesabu kwa kila dakika 10 mtoto ameingia chini ya mkia mara ngapi. Afanye hivyo hivyo asubuhi ya boti. Wiki 12 za hesabu hiyo gharama yake ni daftari na mafuta ya kwenda na kurudi.

Nahodha, Shimoni

Jumatatu ndiyo wageni wachache. Si Jumamosi.