Wilson–Eldoret mwaka mzima: 172, Turbo 206 au Caravan, ipi itahimili barafu?

RubaniLangata
Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kinatafuta ndege ya injini moja ya kutupeleka Eldoret na Nanyuki kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, masika na baridi ya Julai zikiwemo. Tumebakiwa na tatu: Cessna 172 ya zamani yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), Turbo 206, na hisa katika Caravan yenye mipira inayojazwa hewa kuvunjia barafu kwenye mbawa. Bei tunazo. Swali langu ni barafu. Mwenzetu anashikilia kwamba Kenya iko ikweta, kwa hiyo tuchukue 172 tumalize maneno. Mimi sijaridhika.

MzeeKinangop
Mwenzenu amesema nusu. Ni kweli, hapa kwetu joto hufika sifuri karibu na futi 15,000 au 16,000, na Wilson yenyewe iko juu kidogo ya futi 5,500. 172 iliyojaa watu huishiwa nguvu kwenye futi 13,000 na kitu, kwa hiyo siku nyingi haifiki hata kwenye hiyo hewa.

Lakini fungua ramani. Ol Donyo Lesatima kule Aberdare ni mita 4,001, zaidi ya futi 13,100. Ukiwa ndani ya mawingu unaongeza futi 2,000 za usalama juu ya milima, tayari uko 15,000. Hapo chini yako kuna jiwe na juu yako kuna barafu. Kule Ulaya rubani akianza kushika barafu anashuka kwenye hewa ya joto, mambo yakaisha. Wewe utashukia wapi? Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga Aberdare, wakafa wote 10. Naitaja kwa sababu ya mlima na mawingu yake, si kwa sababu ya barafu.

Eldoret piteni bondeni, Naivasha hadi Nakuru, na mjue kwamba Timboroa ardhi inapita futi 9,000. Mawingu yakikalia pale, rudini.

FundiHanga
Shikamoo Mzee. Naongeza barafu ambayo watu wa 172 wanaisahau: ya ndani ya kabureta. Hii haihitaji futi 15,000. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba, joto mle ndani linaweza kushuka nyuzi 30 na zaidi. Unyevu unaganda kwenye kile kisahani cha hewa, injini inakosa pumzi. Hatari kubwa ni hewa ikiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu umepita asilimia 80. Sasa niambie asubuhi ya Julai hapa Nairobi ikoje: nyuzi 12, manyunyu, wingu limelala juu ya Ngong. Ndiyo hali yenyewe hiyo.

172 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1996 zinapulizia mafuta moja kwa moja, hazina kabureta, shida hiyo hazina. Mkichukua 172, chukueni ya aina hiyo. Hata hivyo kichujio cha hewa kinaweza kuzibwa na theluji au barafu, kwa hiyo jueni mlango wa hewa ya akiba uko wapi.

MwalimuWaRubani
Fundi amenitangulia. Nafundisha kwa ndege za kabureta, na hili hutokea mara kwa mara tukielekea Limuru wakati wa baridi. Hakuna kishindo chochote. Mizunguko ya injini kwa dakika ilikuwa 2,300, unatazama tena ni 2,200, mwanafunzi anasukuma gesi kidogo akidhani mkono umeteleza. Dakika chache baadaye imeshuka tena. Hapo namwambia avute hita ya kabureta mpaka mwisho, si nusu.

Kinachofuata ndicho kinachotisha: injini inazidi kushuka, inatetemeka, inakohoa, kwa sababu ile barafu imeyeyuka na inapita ndani kama maji. Mkono wa mwanafunzi unakimbilia kurudisha hita. Naushika. Subiri. Ikishamaliza, mizunguko inapanda yenyewe. Akirudisha mapema, barafu inabaki na joto la kuiyeyusha linazidi kupungua, maana linatoka kwenye ekzosi ya injini hiyohiyo inayodhoofika.

NyandaZaJuu208
Naendesha Caravan. Msidhani mipira ile inawapa ruhusa ya kukaa kwenye barafu. Inawapa muda wa kutoka. Caravan ina mbawa ndefu, mihimili, magurudumu yananing'inia, na kila kimoja kinashika barafu, ilhali mpira haufiki kote. Mwaka 2006 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliagiza Caravan isishuke chini ya noti 120 (maili za baharini kwa saa) ikiwa ndani ya barafu. Ukishindwa kushika mwendo huo, unatoka humo mara moja. Tena barafu nyembamba yenye ukwaruzo wa msasa inaweza kuipunguzia mbawa asilimia 30 ya nguvu ya kuinua.

Zipo pia Caravan za TKS, zinazotoa majimaji ya glaikoli kupitia vitundu vidogo sana mbele ya mbawa. Mimi naipenda zaidi kwa sababu inazuia kabla ya kuvunja. Ila majimaji hayo ni mazito kuliko maji, na kila kilo ni mzigo mliouacha Wilson.

FundiHanga
Na yakiisha yameisha. Mipira nayo, kabla ya kulipia hisa, ipulizwe mbele yenu. Jua letu linaikausha, inapata nyufa na vitundu. Pitisheni kidole ukingoni mwa mbawa, mhesabu viraka. Kama ni TKS, iwashwe mpaka muone majimaji yakitoka jasho kwenye bati lote, kwa sababu isipotumika mara kwa mara vile vitundu hukauka.

RubaniLangata
Asanteni sana. Kwa hiyo 206 ndiyo ya katikati?

MzeeKinangop
Hapana, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. 206 ya tabo itawafikisha futi 18,000 bila shida, yaani ndani kabisa ya hewa ya barafu, nayo haijaidhinishwa kuruka humo. Kuanzia futi 13,000 mko kwenye oksijeni muda wote. Mkitazama juu, mawingu ya masika bado yanapanda zaidi ya mara mbili ya hapo mlipo. Kwa kutazama mlima siku ya hewa safi ni ndege nzuri mno. Kwa kupenya mawingu, iacheni.

Mimi ningechukua 172 isiyo na kabureta kwa Nanyuki, asubuhi, chini ya mawingu, na hisa ya Caravan kwa Eldoret.

NyandaZaJuu208
Naunga mkono. Na mkitua mkiwa na barafu juu ya mbawa: ondoeni otopailoti mapema mhisi usukani, ongezeni mwendo, flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) msizishushe zaidi ya kitabu kinavyoruhusu, na msingoje king'ora cha kuonya, kwa sababu mbawa inaweza kuacha kubeba kabla hakijalia.

RubaniLangata
Jumamosi tunakwenda kuipuliza mipira. Fundi, utakuwepo Wilson?

FundiHanga
Nipo kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni na vitabu vya matengenezo.