Mwalimu wa Kiingereza sekondari ya kata, nataka kujiendeleza. Nilipie setifiketi ya onlaini au nitafute degree? Naombeni ushauri

Mwl_Rungwe

Habari za jioni wakuu, na walimu wenzangu wote mliomo humu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari ya kata huku Rungwe, nina diploma, nafundisha kidato cha kwanza na cha pili. Hawa watoto wametoka shule za msingi ambako karibu kila kitu walisoma kwa Kiswahili, halafu wakiingia kidato cha kwanza tu ni baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, fizikia Kiingereza, ile orientesheni kozi ya mwanzo inaisha na mtoto bado hawezi kuomba ruhusa ya kutoka nje kwa sentensi iliyokamilika. Walimu wa masomo mengine wakikwama wanakuja kwangu, ticha watoto wako hawaelewi swali. Inaniuma kwa kweli maana wengi wana akili nzuri tu, ukimuuliza kwa Kiswahili anakuelezea usanisinuru mwanzo mwisho, kwenye karatasi anaacha wazi.

Chuoni tulipewa sarufi nyingi na mbinu juu juu, darasa la watoto themanini na kitu hakuna aliyetuandaa nalo. Nataka nijifunze hasa namna ya kumfundisha mtu Kiingereza ambaye nyumbani anaongea Kinyakyusa na mtaani Kiswahili.

Sasa kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza kozi ya TEFL (kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza nyumbani) ya onlaini, "masaa 120", anasema setifiketi inatambulika dunia nzima, bei laki nne na ofa inaisha mwisho wa mwezi. Hela ninayo, niliitenga kwa ajili ya mbolea ya viazi, mume wangu kaniambia niulize kwanza wanaojua. Je nilipe? Au niende degree? Na kuna njia nyingine za kujiendeleza kwa mwalimu aliyepo kijijini na mtandao wenyewe mpaka upande kilimani?

Ticha_Uyole

Dada usilipe kwanza. Nikueleze hiyo namba 120 inatoka wapi maana wengi wanaumia hapo. Kuna cheti kinaitwa CELTA, kinatolewa na Cambridge, hicho ndicho kinachoheshimika sana kwa walimu wa Kiingereza duniani, na kozi yake ni kama masaa 120. Ila ndani ya hayo masaa kuna saa 6 unasimama mbele ya wanafunzi wa kweli unafundisha na mkufunzi amekaa anakuangalia, mkitoka anakwambia hapa uliongea sana, hapa hukusubiri jibu. Hata ukisoma kwa mtandao bado unafundisha watu halisi na unaangaliwa. Wauzaji wakachukua ile namba wakaibandika kwenye vidio na maswali ya kuchagua. Kwahiyo mtu yeyote akikuuzia cheti cha masaa 120 muulize swali moja tu, nani ataniona nikifundisha? Akianza kuzungukazunguka achana naye.

CELTA yenyewe ni mamilioni ya shilingi, sikushauri uifikirie kwa sasa. Cambridge hao hao wana mtihani unaitwa TKT, umegawanyika moduli, zile tatu za msingi kila moja maswali 80 kwa dakika 80, hakuna kufeli unapewa bendi ya 1 mpaka 4, na hawadai uwe na degree. Ulizia kwanza kituo cha mtihani kilipo ndio uhesabu nauli na malazi.

Kamwene_Iringa

Kamwene mwalimu. Mimi nakuja na upande wa mshahara maana humu watu wanasahau. Setifiketi ya onlaini hata iwe nzuri vipi haikupandishi daraja serikalini. Kinachobadilisha muundo wako wa utumishi ni degree, na kabla hujaenda kusoma uwe na ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, barua inapita kwa mkuu wa shule inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nimeona watu wamesoma wakamaliza bila ruhusa, wamerudi na cheti na muundo ni ule ule, wanazungushwa kila ofisi na hakuna anayetaka kusikia.

Ukitaka kukaa darasani kabisa huku Iringa kuna Mkwawa (MUCE) iko chini ya UDSM na kazi yao kubwa ni kuandaa walimu. Ukitaka usiache kazi wala familia kuna Chuo Kikuu Huria, kituo chao cha mkoa kipo hapo hapo Mbeya. Lakini nikwambie ukweli, degree itakuongezea lugha na fasihi na nadharia, darasa lako la watoto themanini halitabadilika kwa sababu ya degree peke yake. Ni vitu viwili tofauti na vyote vina umuhimu.

Sisi_wa_Mwanjelwa

Mimi natofautiana kidogo na Ticha_Uyole. Nilisoma kozi ya onlaini ya kulipia na ilinisaidia, nilikuwa naomba kazi shule ya inglishi midiamu ya binafsi hapa mjini, kwenye intavyuu waliangalia ile setifiketi wakauliza maswali yake na kazi nikapata. Kwahiyo inategemea unaenda wapi. Kama mpango wako ni kubaki serikalini usiitoe hiyo hela, kama unafikiria private ina msaada, ila hata hivyo sio kwa mtu wa grupu la WhatsApp na ofa ya kuisha mwisho wa mwezi.

Na kabla hujalipa popote maliza vya bure kwanza. British Council wana tovuti ya TeachingEnglish, kozi fupi unasoma kwa muda wako, na nyingi zinamgusa mwalimu wa darasa kubwa lisilo na vifaa. Kwenye tovuti ya Coursera kuna kozi za TESOL, nazo ni za kufundisha Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, za Arizona State University, ada wanaweza kukupunguzia ukijaza fomu ya kuomba msaada, unaeleza kipato chako na kwanini unataka kusoma, jaza kwa uaminifu na uandike kwa kirefu.

Mwl_Rungwe

Asanteni sana nimeshaelewa mengi, hela ya mbolea inabaki. Ila hakuna aliyegusa MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Shuleni kwetu ile jumuiya ya kujifunza tunakutana, tunasaini mahudhurio, tunasoma moduli mmoja anasoma wengine wanasikiliza, tunatawanyika. Sijui wenzetu mnaifanyaje.

Mwalimu_Mkongwe

Mwanangu hapo ndipo penye mali yenyewe na watu wanapita wakienda kutafuta mbali. MEWAKA ni mafunzo endelevu kazini, imewekwa ili mwalimu ajifunze akiwa pale pale kazini na wenzake. Ikiishia kusaini ni bure kabisa, nakubaliana nawe, na inanisikitisha.

Shule niliyopo sisi walimu wa Kiingereza tuko watatu. Tulichofanya, mmoja anafundisha mwingine anakaa dawati la nyuma kabisa na karatasi imechorwa madawati yote, kila mtoto anayefungua mdomo kwa Kiingereza anawekewa alama. Kipindi cha dakika 40 kikiisha unaangalia karatasi, alama zimejazana madawati mawili ya mbele na pale dirishani, upande wote wa nyuma ni mweupe. Hakuna anayemlaumu mwenzake, karatasi inaongea yenyewe.

Tukakaa tukapanga kipindi kile kile upya. Tukachukua kalenda za zamani za duka la pembejeo, zile zenye picha za soko na mashamba, tukazikata. Kila dawati mtoto mmoja ana picha mwenzake haioni, mwenye picha anaeleza kwa Kiingereza, there is a woman, she is selling tomatoes, mwenzake anachora anachosikia, halafu wanafunua wanalinganisha. Darasa lilipiga kelele mpaka mkuu wa shule akachungulia, lakini ile karatasi ya alama safari hii ilijaa mpaka nyuma, na watoto ambao sikuwahi kusikia sauti zao walikuwa wanabishana kama mwanamke ana kikapu au ndoo. Wanakosea sarufi, ndiyo, mwache akosee kwanza aongee, sarufi utairudia ubaoni kwa makosa uliyoyasikia ukipita kati ya madawati.

Hicho hakikugharimu hata shilingi. Tafuta mwenzako mmoja tu hapo shuleni, hata wa historia, kama wa Kiingereza uko peke yako.

Kamwene_Iringa

Hapo kwa mzee wetu nimejifunza na mimi, hiyo ya karatasi ya madawati naipeleka kwenye klasta yetu.

Ticha_Uyole

Niongezee la skolashipu maana najua atauliza tu. Chevening ya Uingereza inalipia masters ya mwaka mmoja, wanataka degree ya kwanza na uzoefu wa kazi wa masaa 2,800 ambayo ni kama miaka miwili, dirisha huwa linafunguliwa Agosti, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Kuna mfuko wa A.S. Hornby upo tangu 1961, huo ni wa walimu wa Kiingereza kabisa. Kuna skolashipu za Commonwealth (Jumuiya ya Madola) nao wana masters za kusoma ukiwa hapa hapa nyumbani. Zote hizo zinaanzia kwenye degree, kwahiyo anza na ya Chuo Huria dada, na ukija kuchukua shahada ya nje kumbuka lazima TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) waitambue ukirudi.

Mwl_Rungwe

Wakuu nimewaelewa. Jumatatu naandika barua ya ruhusa nimpelekee mkuu, na kuna mwalimu wa uraia nimeshaongea naye atakaa nyuma kwenye kipindi changu cha kidato cha pili B, mimi nitakaa kwenye chake. Swali la mwisho, moduli za MEWAKA za Kiingereza nitazipataje bila kuingia mtandaoni kila siku?

Sisi_wa_Mwanjelwa

Siku ukishuka Tukuyu mjini au ukija huku Mbeya ingia kwenye mfumo wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ukiwa na bando la kutosha, pakua zote kwenye simu, halafu pitia na maktaba mtandao yao uchukue vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili. Ukirudi kijijini unasoma bila mtandao. Na wenzako wasio na simu janja wachapishie hata kurasa zile za shughuli za darasani tu, usichape moduli nzima, wino ghali.