Tupeane uzoefu: kuku wa mayai wanaokufa ghafla, utumbo umeoza

Mfungua uzi, Lindi
Wakuu, mvua zikikolea huku kusini maswali ni yale yale: kuku wa mayai wa sakafuni jana kala vizuri, leo asubuhi kalala chali. Nazungumzia uozo wa utumbo mdogo unaoletwa na Clostridium perfringens, si kideri. Visa vya hasara tuviache, leteni vipimo na makosa yanayofanyika.

Mdau, Masasi
Anzeni na kisu. Mzoga uliolala usiku kucha msiuamini. Kwa joto letu bakteria hawa huzaliana ndani ya kuku aliyekwisha kufa, na karibu kila utumbo utaukuta umejaa gesi. Pasua aliyekufa muda si mrefu, au chinja mgonjwa mmoja aliyejikunyata. Fuata utumbo kuanzia firigisi kwenda chini. Wenye ugonjwa umevimba, ukuta wake mwembamba unachanika ukiuvuta, na kwa ndani kuna utando wa kahawia-manjano, unaoparuza kama taulo kuukuu. Harufu yake utaijua tu.

Ini likiwa limevimba na lina rangi ya shaba, hiyo ni homa ya matumbo ya kuku, habari nyingine kabisa. Ukiona vidoadoa vya damu vinavyoonekana hata kwa nje ya utumbo, fikiria koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoleta kuharisha damu. Mara nyingi utavikuta vyote viwili, na si bahati mbaya: bakteria huyu anaishi tumboni mwa kuku mzima bila kumdhuru. Koksidia akishatoboa ukuta, protini inavuja, bakteria anapata karamu na kuanza kutoa sumu.

Mdau, Nachingwea
Na karamu nyingine tunaipika wenyewe kwenye chakula. Dagaa wa pwani ni rahisi kupata, basi mtu anajaza. Dagaa wengi kupita kiasi huacha protini isiyomeng'enywa ikafika chini ya utumbo. Halafu chumvi: kuku anakunywa sana, anaharisha maji, matandiko yanalowa, koksidia wanakomaa humo. Loweka kiganja kimoja cha dagaa kwenye glasi ya maji. Mchanga utatua chini, na maji yaonje kwa ulimi ujue chumvi yake.

Kwa kilo 100 za chakula, wakati wa mvua kilo 5 za dagaa zinatosha, pengo lijazwe na soya na mashudu. Ila msikimbilie mashudu ya ufuta peke yake kwa sababu ufuta umejaa Lindi yote. Lisini yake (kijenzi muhimu cha protini) ni ndogo, na yakizidi yanafunga kalisiamu, maganda ya mayai yanalegea. Soya ikaangwe. Mbichi inazuia mmeng'enyo, mnarudi pale pale.

Mdau, Lindi
OTC (oksitetrasaiklini) gramu 1 kwa lita, siku 5. Mbona inatosha?

Mdau, Mtwara mjini
Mkuu, haitoshi. Bakteria wengi wa aina hii wameshaizoea, na kalisiamu ya chakula cha kuku wa mayai inaishika OTC kabla haijafyonzwa. Dawa za unga za "kuharisha" zenye kolistini au neomaisini nazo hazimgusi. Zinaua kundi jingine la bakteria, huyu anayeishi pasipo hewa zinampita.

Amoksisilini inamfikia, ila afisa mifugo aithibitishe kwanza. Pigeni hesabu kwa uzito wa kuku, si kwa lita, maana mgonjwa hanywi sawa na mzima. Kuku 100 wa kilo 1.8 ni kilo 180. Kwa miligramu 20 kwa kilo ni gramu 3.6 za dawa yenyewe, yaani gramu 18 za unga wa asilimia 20. Alfajiri wanyimeni maji kwa muda wa saa moja, kisha wapeni dawa kwenye maji watakayoyamaliza kwa saa 4 hivi. Jioni maji matupu. Siku 5, hata vifo vikikoma siku ya 2.

Koksidia akionekana, ampuroliamu ya asilimia 20, gramu 1.2 kwa lita siku 5, halafu gramu 0.3 kwa lita kwa muda wa wiki moja. Vitamini B1 msichanganye humo, inaiua nguvu.

Sampuli zipelekwe TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) hapa Mtwara: mzoga mbichi kwenye barafu, usigandishwe, na kabla dawa haijaanza.

Mdau, Masasi
Naongezea matandiko. Finya konzi moja: yakibaki donge, yamelowa. Toa matandiko yaliyo chini ya vyombo vya maji kila asubuhi, weka maranda makavu sentimita 10. Vyombo vipandishwe hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Mfungua uzi, Lindi
Na mayai ya siku za dawa?

Mdau, Mtwara mjini
Hayaliwi, hayauzwi. Siku za kusubiri zisome kwenye lebo. Lebo isipotaja kuku wa mayai, usiitumie kwao bila daktari wa mifugo.

Mdau, Nachingwea
Na msiyarudishe bandani kama chakula cha kuku. Yafukieni.