Mliofanya zamu wakati wa korona, mlilalaje? Tupeane uzoefu

Dakta_Zamu: Wadau, salaam. Juzi nilikuwa gereji, fundi akafungulia mtungi wa gesi. Ile sauti tu ya "ssss", jasho likanitoka, mikono ikaanza kutetemeka. Nikasingizia jua.

Mwaka 2021, wimbi la Delta, nilikuwa wadi ya korona kaunti moja hapa Kenya. Usiku mmoja mitungi ya oksijeni ilibaki miwili na wenye kuihitaji watano. Kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma 71, kitanda cha pili 68. Nani alipata na nani alikosa, hilo ni langu na Mola wangu. Asubuhi nilikaa garini saa nzima, ufunguo mkononi, njia ya nyumbani imenipotea kichwani. Na nyumbani kwenyewe naoga nje kwanza, nguo kwenye beseni la jiki, binti yangu wa miaka minne ananionyesha viatu vipya akiwa dirishani. Nilipomwambia mkuu wangu silali, alinijibu, "Daktari, nani analala?" Akaniongeza zamu.

Wenzangu?

Nesi_Usiku: Mimi nesi, mnivumilie. Iliyonimaliza ni simu. Ndugu haruhusiwi kuingia, basi mgonjwa anaagana na watu wake kwa simu yangu, nimeitia kwenye mfuko wa nailoni. Mzee mmoja alimwambia mkewe ufunguo wa ghala uko chini ya godoro. Basi, hakusema lingine. Namba ya yule mama ninayo hadi leo. Sijapiga, sijafuta.

Kijana_wa_Koti: Nilikuwa mwanagenzi Desemba 2020, Dkt. Stephen Mogusu alipofariki kwa korona, miaka 28, miezi mitano hajaona mshahara. Tulikuwa rika moja. Tarehe 21 mwezi huohuo mgomo wa madaktari ukaanza. Siku ya tatu ya mgomo nikalala saa kumi mfululizo, nikaamka nimeona haya.

MtuWaBara: Kazi ya wito hiyo, jikazeni.

Nesi_Usiku: @MtuWaBara tulijikaza, ndiyo maana tuko hapa.

Mganga_TZ: Huku kwetu Tanzania takwimu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509, mwaka 2020. Wodini wagonjwa hawakusimama. Kwenye faili naandika "changamoto ya upumuaji" badala ya korona, nageuka namkuta mtoto wa marehemu ananiuliza, "Dokta, baba kaumwa nini hasa?" Lile swali ndilo linaloniamsha saa tisa usiku, si maiti.

Mama_Theatre: Mimi nilienda kwa mshauri nasaha, baada ya mwaka mzima wa kusema ni uchovu tu. Gari niliegesha mtaa wa pili, nisije nikaonekana. Vikao vitatu vya kwanza nililia tu.

Dakta_Zamu: @Mama_Theatre ulitumia bima au ulitoa mfukoni?

Mama_Theatre: Mfukoni, tena taslimu. Hata M-Pesa sikutaka ijue.

Dakta_Zamu: Nitumie namba yake inboksi.