Tupeane uzoefu: kuwaandaa kwa mtihani au kuwafunza maisha?

Walimu wenzangu, mtihani unakaribia na wazazi wanataka alama. Kipindi cha dakika 40 mnakigawaje ili mtoto afaulu na bado atoke na kitu cha kumsaidia maishani? Tupeane mbinu.

Wa hisabati
Mwalimu, usivitenganishe. Kwenye asilimia, badala ya maswali 20 yanayofanana, toa moja: mkopo wa 100,000, riba 10% kwa mwezi, mwaka mzima bila kulipa chochote. Waache wakisie kwanza. Wengi watasema 220,000, maana wanazidisha 10,000 mara 12. Sasa wapige mwezi kwa mwezi, riba ikilimbikizwa: 110,000, 121,000, 133,100... Mwezi wa 12 deni linafika 313,843. Aina zote mbili za riba, isiyolimbikizwa na inayolimbikizwa, zimeshafanyiwa kazi, na tofauti ya 93,843 wameitoa kwa mikono yao. Ukianza na kanuni ubaoni umeliua zoezi: hakuna atakayekisia, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka.

Wa lugha
Naunga mkono. Barua ya malalamiko inatahiniwa na inatumika ukubwani, basi iwe na tatizo halisi, tarehe na ombi moja linalotekelezeka. Jingine: ukiuliza swali, kaa kimya sekunde 3 kabla ya kumchagua mtu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipopima alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Wakiongeza, majibu yanarefuka na wale wanyamavu wanaanza kujitokeza. Kufikiri kabla ya kusema nako ni somo la maisha.

Wa sayansi
Lakini msiyabeze maswali ya kujipima. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaosoma tena na tena hung'ara wakipimwa baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliojipima ndio wanaokumbuka zaidi. Kwa hiyo dakika 5 za mwanzo, vitabu vimefungwa, maswali 3 ya wiki iliyopita.

Tunapokosea ni kwenye mitihani iliyopita: tunasoma majibu, tunahamia karatasi nyingine. Kila kosa lipewe herufi: S hakuelewa swali, J hakujua jibu, H alikosea hatua, M muda ulimwishia. Ukikuta S zimejaa, karatasi nyingine 10 hazitasaidia. Fundisha tofauti ya "taja", "eleza" na "linganisha", kila moja kwa jibu la mfano.

Wa uraia
Mawaidha ya dakika za mwisho, kengele inakaribia kulia, hayashiki. Uaminifu hufundishwa kwa utaratibu: yale maswali 3 wajisahihishie wenyewe, na alama zisiingie kwenye ripoti. Zikiingia tu, wataanza kunakiliana, nawe hutajua tena nani ameelewa.