Chupa tatu na makopo mawili ya mafuta, jiko moja: nimsikilize nani?

KitindaMimba

Wakuu, waliotangulia shikamooni, rika langu habari za leo.

Mama yangu ana miaka 67. Mwezi uliopita vipimo vilirudi LDL, yaani ile lehemu (kolesteroli) mbaya ya kwenye damu, iko juu: 4.4. Daktari akamwanzishia dawa, na kuhusu chakula akasema maneno mawili tu: "punguza mafuta." Hayo mawili yametugombanisha ukoo mzima.

Ninayeishi naye ni mimi, na jikoni niko mimi. Kaka mkubwa alileta chupa ya mafuta ya nazi, eti ya asili hayana madhara. Dada akaja na ya zeituni na kuamuru yale ya nazi yakapakwe kwenye nywele. Shangazi akatua na kopo la majarini, kwa sababu tangu ujana wake anaambiwa siagi inaua. Mjomba naye kila usiku anatuma video kwamba mafuta ya mbegu ni sumu, na juzi kaleta kopo la siagi mwenyewe. Chupa ya alizeti ilikuwepo tangu zamani, masikini, haina mtetezi.

Jana asubuhi mama kamenya yai la kuchemsha, kalitazama weee, kisha akaniuliza: "Hiki kiini nile au nitupe?" Nikakosa jibu. Akala ule ute mweupe, kiini kikabaki kwenye sahani mpaka kikakauka na kupasuka juu. Nilipokuwa naosha sahani ndipo nilipoamua kuja kuuliza hapa.

Mwenye ujuzi anisaidie, na zaidi ya yote anieleze kwa nini hata waliosoma hawapatani. Wenye virutubisho vya kuuza, naomba mnipite.

Msumari

Mkuu, historia imeshakujibu. Mwanasayansi wa Marekani, Ancel Keys, ndiye aliyeyabebesha mafuta yanayoganda, kama siagi, lawama za ugonjwa wa moyo, na mwaka 1961 gazeti la Time likamweka kwenye jalada. Uingereza kulikuwa na John Yudkin anayesema jamani tazameni sukari. Akabezwa mpaka akachoka. Halafu 2016 zikaanikwa nyaraka: wenye viwanda vya sukari Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard, na mapitio yao ya tafiti ya 1967 yakaipunguzia sukari lawama na kuyatwika mafuta. Siagi ilifungwa bila kesi. Mama ale siagi, ale mayai, atupe sukari. Na hizo dawa nazo mzitazame mara mbili.

Mama Pacha

Kaka Msumari, hadithi umeisimulia vizuri mpaka ulipofika kwa mgonjwa. Dawa za watu usiziguse.

MstaafuWaMaabara

Marahaba, mwanangu. Nimepima damu za watu miaka 31, kwa hiyo nivumilie, nitasema kirefu.

Malipo ya sukari yalikuwepo, Msumari hajadanganya. Ila mla rushwa akisema moto unaunguza, moto haupoi. Kwamba mafuta yanayoganda hupandisha LDL kumepimwa na watu wengi ambao hawakulipwa na sukari.

Ugomvi unatoka hapa: ukiondoa kitu kwenye sahani, kingine kinakaa pahali pake. Mtafiti mmoja anawalinganisha walaji wa siagi na watu walioacha siagi wakahamia mkate mweupe na vitu vitamu. Anakuta ugonjwa wa moyo uko palepale, na magazeti yanaandika "siagi haina kosa." Mwingine anawalinganisha na waliohamia mafuta ya mimea yasiyoganda, anakuta hao wana nafuu, na magazeti yanaandika "siagi inaua." Wote wawili wamepima sawasawa, ila kila mmoja kauliza swali lake. Kwa hiyo ukiambiwa chakula fulani ni kizuri, wewe uliza: kuliko kipi?

Halafu binadamu hafungiki bandani miaka ishirini ukimpimia chakula. Kule Minnesota walijaribu, 1968 hadi 1973, kwa watu zaidi ya 9,000 waliokuwa kwenye hospitali za magonjwa ya akili na nyumba ya wazee. Nusu wakapewa mafuta ya mahindi badala ya yale yanayoganda. Lehemu yao ilishuka, vifo havikupungua, na sehemu kubwa ya takwimu ikakaa bila kuchapishwa mpaka 2016. Mjomba wako lazima ameshakutumia hiyo. Asichosema ni kwamba wengi wa watu hao walikula chakula hicho kwa muda usiofika mwaka. Mishipa haizibi kwa mwaka mmoja, wala haizibuki.

Shangazi yako usimcheke. Aliambiwa na wataalamu, akatii. Tatizo ni kwamba majarini ya zamani ilitengenezwa kwa kupitisha hidrojeni kwenye mafuta ya maji ili yagande, na njia hiyo ikazalisha mafuta ya transi. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwamba hayo yanapandisha LDL na papo hapo yanashusha HDL, ile ya kutusaidia. Yaani ni mabaya kuliko siagi waliyokimbia! Denmark ikayawekea kikomo kisheria 2003. Majarini nyingi za sasa hazinayo, lakini soma lebo: ukikuta mafuta yaliyotiwa hidrojeni kwa sehemu, ondoa jikoni.

Nazi: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayopandisha LDL. Kwenye siagi ni kama nusu ya uzito wake, zeituni karibu asilimia 14, alizeti ya kawaida kama 11. Kaka yako anasema ya asili. Nyoka naye ni wa asili. Kwa mwenye 4.4, ya nazi yasiwe ya kupikia kila siku. Zeituni na alizeti zote zinafaa, usivunje benki kwa sababu ya dada. Na kijiko cha chakula cha mafuta yoyote ni kalori kama 120, hata yakiwa ya zeituni.

Yai: kiini kina lehemu karibu miligramu 190, lakini lehemu nyingi ya mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 uliacha kikomo cha miligramu 300 kwa siku. Wapo ambao lehemu yao ya damu hupanda kwa mayai kuliko wengine, na kama mama ana kisukari muulize daktari kwanza. Kama hana, yai moja ale na kiini chake. Dawa aendelee nazo, na miezi miwili mitatu apime tena. Hapo damu yake itasema kuliko sisi wote humu.

Msumari

Mzee, la dawa nimelifuta. Kwenye siagi bado tutaonana.

KitindaMimba

Mzee wangu, ahsante sana. Mama hana kisukari. Nimemsomea jibu lako lote kwa sauti, kwenye nyoka akacheka mpaka akakohoa.

Kopo la shangazi nililitoa nje kwenye mwanga maana maandishi ni kama mayai ya chawa. Hidrojeni ipo, tena namba mbili kwenye orodha. Nimelifunga kwenye mfuko, na namna ya kumwambia mwenyewe bado naitafuta. Siagi ya mjomba nimeisogeza nyuma kabisa. Ninapikia alizeti, ya zeituni naweka kwenye saladi, dada akiuliza yanapungua.

Leo asubuhi mama kala yai zima. Ya nazi kaniomba nimpelekee chumbani, na sasa hivi amekaa mbele ya kioo anasukwa na mjukuu, chupa ya kaka iko magotini.